Dele la Kahawa Mkononi mwa Sajini

Wengi wenu mkiliona shati la askari mnaona shati. Mimi naona mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha mabega, kisha narudi tena mkono wa kulia kwa kuwa labda sikuutazama vizuri mara ya kwanza. Mjukuu wangu anayesomea ushonaji aliniuliza juzi kwa nini kila wakionyesha gwaride kwenye televisheni nainuka kitini na kusogelea kioo mpaka pua inagusa. Nikamwambia natafuta birika. Akanitazama kwa huruma, akaenda kumwambia mama yake kwamba babu ameanza.

Sijaanza. Nimeona mambo, basi. Nawaandikia yeye na wenzake wote wanaoshika mkasi siku hizi, ili wajue kwamba mzee anayegusa kioo ana sababu.

Mimi ni mtu wa Muheza, Mbondei, na kwa kweli sikusomea ushonaji. Nilisomeshwa na misheni nikatoka na cheti cha ualimu, nguo safi, na hofu. Nilifundisha muda mfupi sana. Siku moja mtoto alinyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, samaki hulala?" Nikaanza kufikiri. Samaki wa mtoni au wa baharini? Na kulala ni kufumba macho, au ni kutulia tu? Kama ni kufumba macho, samaki ana kope? Nilipokuwa tayari kujibu, darasa lilikuwa tupu, kengele ilishalia, na mtoto yule alikuwa uwanjani anacheza mpira. Jioni ile nikaamua kutafuta kazi ambayo kitu unachokishika hakikuulizi swali.

Ndivyo nilivyofika Ngamiani, kwenye baraza ya Fundi Athumani.

Fundi Athumani alikuwa Mdigo, mfupi, sauti kubwa, na wakati wa vita alichukuliwa na jeshi akawa mshona sare hadi Burma. Alirudi na cherehani moja, kikohozi, na imani kwamba hakuna tatizo duniani lisilotatuliwa kwa kushona haraka. Siku ya kwanza aliniuliza, "Umesoma?"

"Ndiyo, Fundi."

"Umesoma nini?"

"Inategemea, Fundi. Kama unamaanisha masomo ya..."

"Basi, basi. Kaa pale. Shika sindano. Sindano haitegemei."

Haikupita muda mrefu akanipa jina, kwa kuwa kila nilipoulizwa jambo jibu langu lilianza na neno lile lile. Mtaa mzima ukaniita Labda. Hata leo nikienda Ngamiani wapo wazee wasiojua kwamba mama yangu aliniita Samweli.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mashati ya askari. Kulikuwa na kikosi kilichopiga kambi nje ya mji, njia ya Pongwe, na Fundi ndiye aliyepewa kazi ya kupunguza, kurekebisha na kuweka vyeo. Fundi alikuwa akinisimulia kwamba mashati ya vita yalikuwa mapana, ya kazi, mifuko kama magunia ya mkonge, na tepe za cheo zilishonwa papo hapo kwenye mkono, zikabaki humo mpaka shati life. Kisha amani ikaja. Na amani, vijana wangu, ina tabia yake: inataka wanga.

Wanga wetu ulikuwa wa muhogo. Unaupika uwe mwepesi, unauchuja kwa kitambaa, unachovya shati, unalianika likiwa limenyooshwa, kisha unalirushia maji kidogo na kulipiga pasi ya mkaa. Likitoka hapo linasimama lenyewe. Niliwahi kuliegemeza shati moja ukutani, na jirani akapita akalisalimia. Shida ilikuwa tepe. Tepe ni nyeupe, shati ni la kaki, na kila likifuliwa rangi ya kaki inahamia kwenye tepe, na kila likipigwa pasi wanga unaungua juu ya tepe. Baada ya miezi michache sajini anakuwa na cheo cha rangi ya chai ya maziwa. Ndiyo maana ikaja amri kwamba vyeo vya mashati ya gwaride visishonwe tena. Vishikizwe kwa kulabu ndogo, shati likienda kwa dobi vinatolewa, likirudi vinarudishwa.

Sababu ilikuwa kufua. Lakini askari wenyewe hawakuamini. "Kulabu hizi," alisema koplo mmoja aliyekuwa akipanda na kushuka cheo kama ndoo ya kisimani, "wameziweka kwa ajili yangu."

Nikufundisheni mambo mawili ya tepe, kisha niendelee. La kwanza: usipime kwa rula. Mwambie askari asimame, aache mikono ining'inie, halafu upime kwa vidole vyako kutoka bega kushuka, maana mikono ya watu hailingani na rula haijui. La pili: usimpime mtu siku aliyoambiwa amepanda cheo. Siku hiyo amevimba. Mpime kesho yake, akishalala.

Palikuwa na mzee mmoja wa Makorora, askari wa Wajerumani wa zamani, akipita kila asubuhi kwenda sokoni. Tulimwamkia shikamoo, naye akiitikia huku macho yako kwenye kazi yetu.

"Marahaba. Na hizi nyeupe za nini?"

"Tepe za sajini, babu."

"Sisi zetu zilikuwa nyekundu, na mkono mmoja tu. Mkono mmoja unatosha kumjua shaushi, yaani sajini wetu. Waingereza wanaweka mikono yote miwili. Wanadhani watu hawaoni?"

Sasa, askari hawakuwa wateja wetu pekee. Wengine walikuwa watu wa beni. Kwa nyinyi msioijua, beni ni ngoma ya gwaride: tarumbeta, ngoma kubwa, mistari iliyonyooka, na kila mtu ana cheo. Enzi za wazazi wetu ilitikisa pwani yote. Wakati wangu ilikuwa imeanza kuchoka, lakini Ngamiani bado palikuwa na chama kimoja chenye koplo, kapteni, daktari mwenye mpira wa kupimia moyo uliotengenezwa kwa kamba, na jenerali.

Watu hawa walitaka mashati kama ya jeshi. Na kuvaa alama ya jeshi wakati wewe si askari lilikuwa kosa la kukufikisha polisi. Fundi Athumani alikuwa na dawa yake, na dawa hiyo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Katika kila shati la beni alitia uongo mmoja wa wazi. Nyota ya jeshi ina ncha nne? Yake ina tano. Tepe za jeshi zinaelekea chini? Zake zinaelekea juu. "Uongo wa wazi," alikuwa akisema, "si uongo. Ni adabu. Polisi akija, mwonyeshe ule uongo, aende zake amefurahi."

Jenerali wa chama hicho alikuwa Mzee Bakari, muuza kahawa. Alfajiri alikuwa barazani kwa watu na dele lake, birika la shaba la kahawa, na vikombe vinavyolia kwenye kiganja. Jumamosi alasiri alikuwa jenerali, mbele ya tarumbeta, kifua kimejaa. Mahali ambapo jeshi huweka taji la cheo, kwenye mkono wa shati, Fundi alimwekea dele la kahawa, limetariziwa kwa uzi wa manjano, na mdomo wake na mkono wake. Mzee alilipenda kuliko alivyolipenda taji lenyewe.

Alama zile, za jeshi na za beni, zilitariziwa na mtu mmoja, Mwanaidi, binti yake Mzee Bakari. Alikuwa akishona kofia za vito, zile zinazotariziwa kwa mkono, na vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea uzi na kuleta kazi, na ndivyo nilivyoyajua yote, maana Mwanaidi hakuwa mtu wa kuficha jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Sajini Kitwana, kijana wa Pangani, mrefu, mpole, aliyekuwa akija kwetu kurekebishwa shati hata pale shati lisipokuwa na kosa, alimposa Mwanaidi. Mwanaidi alimtaka. Mama alimtaka. Mashangazi walishaanza kugombania rangi ya kanga. Mzee Bakari alikubali pia, kwa sharti moja: siku ya ngoma, mbele ya watu wote, Kitwana aje na sare yake ampigie saluti.

"Mimi ni jenerali," alisema. "Yeye ni sajini. Sitoi binti kwa sajini asiyejua jenerali ni nani."

Kitwana alikuja dukani siku hiyo akionekana kama mgonjwa. "Fundi, askari mwenye sare hampigii saluti muuza kahawa. Wakiniona wakubwa, tepe hizi zinatoka. Na mimi ndiyo kwanza nimeambiwa napanda. Wananipa taji juu ya tepe. Sajini taji, Fundi!"

"Mpigie bila sare," Fundi alisema. "Vaa msuli."

"Nilimwambia. Akasema saluti ya msuli ni kujikuna."

Nilipompelekea Mwanaidi uzi kesho yake, nilimkuta anakata nyuzi kwa meno kana kwamba amezikasirikia. "Baba anataka saluti," alisema. "Kitwana anataka cheo. Na mimi nakaa hapa natarizi vyeo vyao vyote viwili. Labda, hebu wewe msomi niambie, hapa mwenye cheo nani?"

Nikaanza kufikiri. Akaninyang'anya uzi, akafunga mlango.

Mwaka ule ulikuwa ule wa mabadiliko. Mfalme wa Waingereza alikuwa amekufa, binti yake amerithi, na kwa hiyo taji kwenye vyeo nalo lilibadilika. Msicheke. Kwao taji la mfalme lina umbo lake na la malkia lina lake. La mfalme lilivimba juu kama mandazi. La malkia lilibonyea katikati. Kila taji la kikosi ilibidi libadilishwe, na lile jipya hakuna mtu wa Tanga aliyekuwa amelishika mkononi. Tulipewa mchoro tu kwenye karatasi. Mwanaidi akatarizi la kwanza kwa ajili ya mchumba wake, la mkono wa kulia, la kushoto lingefuata, uzi ule ule wa manjano, ukubwa ule ule wa dele la baba yake, na nyuma kulabu zile zile.

Mnaona jambo linakokwenda. Mimi sikuliona.

Jumamosi ikafika na mambo mawili. Asubuhi kambini kulikuwa na ukaguzi, Kitwana aonekane na cheo kipya. Alasiri uwanjani Ngamiani kulikuwa na ngoma, na Mzee Bakari anangoja saluti yake. Mashati yote mawili yalikuwa yamerudi kutoka kwa dobi jana yake jioni, na Fundi akanituma Makorora kufuata vifungo. Vifungo tulikuwa navyo. Alinituma ili amalize kazi, kwa kuwa mimi kulabu moja nilikuwa naikagua mpaka ikapata kutu.

Basi alishikiza vyeo mwenyewe. Na Fundi Athumani macho yake yalikuwa yameanza kumwacha, ila hakuwa tayari kuyaacha yeye. Alichagua alama kwa kidole gumba. Akipapasa kilichovimba anajua ni taji la jeshi. Akipapasa chenye bonde anajua ni dele, bonde la kati ya kifuniko na mdomo. Kwa miaka yote kidole kile hakikukosea. Lakini sasa taji nalo lilikuwa na bonde. Mfalme alikuwa amekufa, na kidole gumba cha Fundi Athumani kilikuwa bado kinamtumikia.

Jumamosi, jua likiwa limeshaanza kushuka, nilikuwa natia mkaa kwenye pasi nilipomwona Kitwana anakuja mbio na baiskeli, sare kamili, kofia imekaa upande. Akashuka kabla baiskeli haijasimama.

"Fundi! Nimekaguliwa na birika!"

Fundi akanyanyua kichwa. "Umekaguliwa na nani?"

"Tazama mkono wangu!"

Tukatazama. Juu ya tepe tatu nyeupe kama theluji ya kwenye kalenda, lilikaa dele la kahawa, mdomo umeelekea mbele, tayari kumimina.

Hebu fikirini: mtu haoni mkono wake wa juu bila kioo. Alilivaa shati gizani alfajiri, koplo wake akamfunga vifungo, akaona alama ya manjano, akadhani ndiyo taji jipya lenyewe. Mstari mzima ukadhani hivyo. Akaja afisa kijana, amefika juzi kutoka kwao, anajifunza Kiswahili kwa bidii. Akasimama mbele ya Kitwana. Akaukodolea macho mkono. Kitwana alifikiri moyo wake unasikika mpaka Pongwe, bila kujua sababu.

"Taji jipya?" afisa aliuliza.

"Ndiyo, Afande."

"Zuri," alisema afisa, akaenda kwa mtu wa pili.

Hata yeye, nadhani, hakuwa amelishika lile jipya mkononi. Na mkubwa hapendi kuuliza swali ambalo labda alipaswa kujua jibu lake. Hilo mimi namwelewa kabisa. Kitwana aligundua baadaye, alipojitazama kwenye kioo cha kinyozi wa kambi.

Fundi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nimefika upande wa pili wa jambo.

"Fundi," nilisema, "kama dele liko hapa, taji liko wapi?"

Kicheko kikakatika. Kutoka uwanjani tukasikia tarumbeta. Ngoma ilikuwa imeshaanza kujipanga. Mzee Bakari alikuwa kule, mbele ya mji mzima, na mkononi mwake taji halisi la Malkia, bila uongo hata chembe. Na kila ngoma ya beni ilisimamiwa na polisi mwenye kibali mkononi.

"Wakimkamata," Kitwana alisema polepole, "ataamini nimemtega. Ataamini nimefanya ili nisipige saluti."

Hakusema jina la Mwanaidi. Hakuwa na haja.

Tukakimbia. Nyinyi hamjaniona nikikimbia. Nakimbia huku nafikiri, na miguu yangu inangoja uamuzi. Njiani nilikuwa na mipango mingi. Tumwambie Mzee alivue? Jenerali avuliwe cheo mbele ya chama chake, angekufa kwa aibu, na harusi ingekufa naye. Tumwite pembeni? Jenerali haondoki mbele ya mstari. Tuzime tarumbeta kwa kupiga kelele kwamba kuna moto? Fundi alipenda mpango huo. Nikaukataa, kwa kuwa labda kungekuwa na moto kweli.

Tulifika uwanja umejaa. Mzee Bakari alisimama katikati, fimbo kwapani, shati limepigwa wanga mpaka linang'aa, na kwenye mkono, wallahi, taji lilimkaa vizuri. Wanawake walikuwa upande mmoja, na Mwanaidi mbele yao, macho yake kwa Kitwana. Upande wa pili mkaguzi wa polisi, mtu mkubwa mwenye masharubu, alikuwa ameacha kutazama tarumbeta. Alikuwa anatazama mkono wa Mzee Bakari. Akaanza kutembea.

Fundi akanisukuma mgongoni. "Labda! Wewe unafikiri mwaka mzima. Leo toa kitu kimoja!"

Na kikatoka. Sijui kilikuwa kimekaa wapi. Pengine kilikuwa kinajipika tangu Mwanaidi aliponiuliza mwenye cheo nani. Nikamgeukia Kitwana nikamwambia maneno mawili: "Vua kofia." Maana jambo nililojifunza kwenye baraza ile, kwa kusikiliza askari wakigombana, ni kwamba kwa jeshi la Waingereza mtu asiye na kofia kichwani hapigi saluti. Akiinua mkono, ni mkono tu.

Kisha nikaingia uwanjani, mbele ya mji mzima, mimi niliyeogopa darasa la watoto. Nikamfikia Mzee Bakari.

"Shikamoo, Jenerali."

"Marahaba. Ondoka mbele ya mstari."

"Jenerali," nikamnong'oneza, "mkononi mwako lipo taji la kweli. Fundi amekosea. Polisi anakuja. Na mwenye taji hilo ni mkweo, yuko nyuma yangu. Sajini yeyote anaweza kupiga saluti. Lakini kutoa cheo, anayeweza ni jenerali peke yake."

Masharubu ya mkaguzi yalikuwa yameshafika. "Mzee Bakari," alisema, kwa sauti ya mtu anayependa kahawa yake asubuhi na hataki kuikosa, "hii mkononi ni nini?"

Mzee Bakari alinitazama. Akamtazama mkaguzi. Akamtazama Kitwana aliyesimama wima, kofia mkononi, dele kwenye mkono wa shati lake. Nikaona jambo lile linaingia kichwani mwake polepole, kama kahawa inavyojaa kikombe.

"Hii?" alisema kwa sauti ya kufika kwa wanawake. "Hii si yangu. Mimi la kwangu ni dele, mji wote unajua. Hii nimeibeba tu. Jenerali hubeba mwenyewe cheo anachokwenda kukitoa." Akanyoosha fimbo. "Sajini! Mbele!"

Kitwana akaja mbele hatua za gwaride, akanikabidhi kofia, akasimama. Mzee akafungua kulabu kutoka mkononi mwake mwenyewe, na mikono haikutetemeka, maana mikono hiyo imezoea kumimina bila kumwaga. Akavua dele kutoka kwa Kitwana, akaweka taji mahali pake. Kulabu zilikuwa zile zile, saizi ile ile. Zikaingia kana kwamba zilizaliwa hapo. Kisha akajishikiza dele lake.

"Tangu leo," alitangaza, "wewe ni sajini taji. Na ni mkwe wangu."

Kitwana, kichwa wazi, akainua mkono mpaka kwenye paji la uso, ukasimama hapo umenyooka. Kwa jeshi, hakufanya lolote. Kwa Mzee Bakari, alifanya yote.

Vigelegele vya kwanza vilitoka kwa Mwanaidi mwenyewe, wala hakungoja mashangazi. Tarumbeta zikaingia bila kuamriwa. Mkaguzi wa polisi akaangalia mkono mmoja, kisha mwingine. Kila alama ilikuwa kwa mwenyewe. Kosa lililokuwepo muda mfupi uliopita lilikuwa limetoweka mbele ya macho yake na kugeuka posa.

"Uongo wenu uko wapi leo?" akamwuliza Fundi Athumani.

Fundi akamwonyesha lile dele. Mkaguzi akacheka, akaenda zake amefurahi, kama dawa ilivyosema.

Mwanaidi alinipita nikiwa bado nimeshika kofia ya Kitwana, nimeganda katikati ya uwanja nikijiuliza kama labda ningeweza kulisema vizuri zaidi. "Shemeji," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "rudisha kofia ya watu."

Walioana baada ya mavuno. Fundi Athumani alikubali miwani, baada ya mkewe kumwambia kwamba safari ijayo atamwoza mtu kwa mbuzi. Mimi nikaendelea na kulabu zangu, nazikagua mara mbili, tatu, na tangu siku ile hakuna aliyenituma tena Makorora kufuata vifungo tulivyo navyo. Baadaye, bendera ilipobadilika, taji lile nalo likarudi kwao na sisi tukatarizi alama zetu. Kulabu hazikubadilika. Kwa hiyo, mjukuu wangu, shati likiwa tayari, tazama mkono wa kulia, kisha wa kushoto, na usitazame kwa kidole.

Nilikuwa nasahau. Ukaguzi uliofuata, afisa yule kijana alisimama tena mbele ya Kitwana, akalitazama taji la Malkia, la kweli kabisa, akakunja uso.

"Sajini, hili nani amekupa?"

"Baba mkwe wangu, Afande."

Afisa akalitazama tena, kichwa amekiinamisha upande.

"Mwambie," alisema, "lile la kwanza lilikuwa zuri zaidi."